Aibu ya Nani? Jina la Kosa Linapovuka Ziwa

Karani aliisoma hati ya mashtaka kwa sauti ileile anayosomea kesi za wizi wa baiskeli. Mshtakiwa, mkazi wa hapahapa Kigoma Ujiji, anashtakiwa kwa kosa la shambulio la aibu. Bibi niliyemsindikiza, ambaye mjukuu wake wa miaka 8 alishikwashikwa sehemu za siri na jirani kwenye uchochoro wa nyuma ya nyumba, alinigusa goti, akaniinamia sikioni: "Mwanangu, hiyo aibu ni ya nani?"

Sikumjibu pale. Mahakamani hamnong'oni muda mrefu bila kutazamwa. Lakini swali lake lilinifuata hadi kwenye bajaji, likanifuata hadi nyumbani, na makala hii ni jaribio la kulijibu.

Mimi ni msaidizi wa kisheria. Kazi yangu ni kusindikiza familia kutoka Dawati la Jinsia na Watoto la polisi hadi hospitali, kutoka hospitali hadi mahakamani, na kuwaeleza kwa maneno ya nyumbani yale yanayosemwa kule mbele. Katika kazi hiyo nimejifunza kwamba watu wengi, wakiwemo wasomi, wanadhani kitendo cha ukatili wa kingono kinakuwapo kwanza, kisha sheria inakuja kukipa jina tu, kama mtoto anavyozaliwa kisha akaitwa. Haiko hivyo. Jina ndilo linaloamua kama mtu ataenda jela miaka mitano au thelathini, kama ridhaa itaulizwa au haitaulizwa, na kama aliyeumizwa anahesabiwa kuwa ameumizwa. Ukilivusha jina hilo mpaka wa wilaya, wa nchi au wa ziwa, unaweza kukuta mtu yuleyule, aliyefanyiwa jambo lilelile, amegeuka kuwa kitu kingine mbele ya sheria.

Tuanzie nyumbani. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania Bara, kama ilivyorekebishwa na Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 ambayo wengi tunaiita SOSPA, inaeleza kubaka katika kifungu cha 130. Soma kwa utulivu utaona kifungu hicho kinauliza maswali matatu kabla hakijafika kwenye maumivu. Aliyetenda ni mwanamume? Aliyetendewa ni mwanamke au msichana? Je, ni mke wake? Majibu yakipatikana ndipo kinakuja kwenye ridhaa: kama haikuwapo, au ilipatikana kwa nguvu, kwa vitisho, kwa ulevi, kwa ugonjwa wa akili, au kwa mtu kujifanya mume. Kwa msichana wa chini ya miaka 18 ridhaa haina maana yoyote, isipokuwa kama ni mke wa mtu huyo, ana miaka 15 au zaidi, na hawajatengana. Nitarudi kwenye hilo la mke, maana linaniuma.

Kuna mambo mazuri ndani ya sheria hiyo, na ni haki kuyasema. Inatamka kwamba kuingilia, hata kidogo namna gani, kunatosha. Inatamka kwamba mwathirika halazimiki kuonyesha majeraha ili aaminiwe kuwa alikataa. Kwa mwaka 1998 hayo yalikuwa makubwa. Kuna nchi tajiri ambazo mahakama zake zilikuwa bado zinamuuliza mwanamke kwa nini hakupiga kelele. Mahakama yetu ya Rufani nayo, katika hukumu ya mwaka 2006 ambayo mawakili wanaikariri kama sala, ilisema ushahidi wa kweli kabisa wa kubakwa unatoka kwa yule aliyebakwa. Nimeona wanawake wakinyoosha mgongo nilipowaambia hivyo.

Adhabu ni miaka 30 kwenda juu hadi maisha, na aliyembaka mtoto wa chini ya miaka 10 anafungwa maisha. Hapo ndipo utaelewa kwa nini akina mama wanakuja mahakamani na kadi za kliniki zimefungwa ndani ya mifuko ya nailoni. Kadi yenyewe imelowa mvua ya Mwandiga miaka minane iliyopita, wino umefifia, tarehe inasomeka nusu. Mama anakumbuka kabisa kwamba mtoto alizaliwa msimu ule migebuka ilipokuwa mingi. Mahakama inataka mwaka, na inautaka kwa mtu anayeweza kuujua: mzazi, ndugu, daktari, au cheti. Umri usipothibitishwa, tofauti kati ya kosa moja na jingine inayeyuka, na kesi nzima inaweza kuyumba. Kwa hiyo kadi ile chakavu ina uzito kuliko mashahidi watano.

Sasa turudi kwa bibi yangu. Hapakuwa na kuingilia, kwa hiyo hapakuwa na kubaka. Ofisa aliyepokea malalamiko aliandika shambulio la aibu, kosa ambalo kifungo chake hakizidi miaka 5 na ambalo faini inaweza kutosha. Lakini Kanuni hiyohiyo, kurasa chache mbele, ina kifungu cha 138C, unyanyasaji mkubwa wa kingono: kutumia kiungo chochote cha mwili, au chombo, juu ya mwili wa mtu mwingine kwa ajili ya kujiridhisha kingono, bila ridhaa, katika kitendo ambacho hakifikii kubaka. Aliyefanyiwa akiwa chini ya miaka 18, adhabu inaanzia miaka 20. Chukua kalamu upige hesabu. Mkono uleule, mtoto yuleyule, uchochoro uleule. Ukiandika jina hili ni faini au miaka mitano kwa wingi wake, ukiandika lile ni ishirini kwa uchache wake. Anayechagua ni mtu aliyeketi nyuma ya meza siku hiyo, pengine amechoka, pengine hajawahi kufunguliwa ukurasa huo katika mafunzo yake. Watu wanapozungumzia tofauti za sheria kati ya nchi na nchi, mimi hukumbusha kwanza kwamba kuna tofauti kati ya meza na meza.

Na kabla ya meza kuna mtaa. Kigoma tunalijua hili kuliko wengi. Nchi nzima ilikuja kusikia habari zetu mwaka 2019 kupitia neno moja: Teleza. Wanaume wanaojipaka mafuta mwilini ili wasishikike, wanaingia usiku kwenye nyumba za wanawake, hasa wale wanaoishi peke yao, na kuwabaka. Tafakari jina lenyewe. Linachekesha mdomoni, kama jina la mchezo wa watoto kwenye matope. "Jana kwa fulani amepita Teleza." Aliyepita hana uso, hana baba, hana mtaa, na kilichofanyika ni kupita. Hakuna kosa linaloitwa teleza katika sheria yoyote. Kuna kuvunja nyumba usiku na kuna kubaka, na kila kimoja kina kifungu chake kizito. Lakini mwanamke anapofika kituoni na kusema "nimepitiwa na Teleza", tayari mtaa umeshamnyang'anya nusu ya mashtaka yake. Swali la kwanza analorudishiwa ni kwa nini anaishi peke yake.

Kuna majina mengine ya namna hiyo, na yote tunayatumia bila kufikiri. Amemchezea. Amemharibu. Amemkosea. Tukifika kwenye lugha ya sheria tunadhani tumeokoka, kumbe na huko yapo. Shambulio la aibu. Ukisoma kwa makini, aibu hapo ilikusudiwa kueleza kitendo, kitendo cha kuaibisha, cha fedheha. Masikio ya bibi hayakusikia hivyo, na hayakukosea. Kwa Kiswahili tunachozungumza, aibu humshika aliyefanyiwa. Familia "inaingia aibu" binti anapobakwa. Sijawahi kusikia familia ya mbakaji ikiambiwa imeingia aibu kwa uzito uleule.

Wakenya wao wana neno jingine. Sheria yao ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006, iliyopelekwa bungeni na Njoki Ndung'u wakati huo akiwa mbunge, inatenganisha kubaka kwa mtu mzima na kosa la kumwingilia mtoto, na kosa hilo la pili magazeti ya Kiswahili ya Nairobi huliita unajisi. Mtoto wa miaka 11 au chini yake, adhabu ni maisha. Wa miaka 12 hadi 15, si chini ya miaka 20. Wa 16 hadi 18, si chini ya 15. Ngazi hizo zina mantiki yake, na mwaka 2024 Mahakama ya Juu ya Kenya ilisisitiza kwamba majaji hawana ruhusa ya kushuka chini yake kwa huruma zao. Lakini neno! Kunajisi ni kukitia kitu uchafu, na kilichotiwa najisi ndicho kinachohitaji kutoharishwa. Mtoto ndiye amekuwa najisi. Nalitaja hili kwa heshima kwa wenzetu, kwa sababu sheria yao katika maeneo mengi imetutangulia: kubaka kwao kunaweza kutendwa na mtu yeyote dhidi ya mtu yeyote, mwanamke au mwanamume. Ila kati ya maneno yote matatu, aibu, unajisi na kubaka, mimi nalichagua la mwisho. Kubaka, kwa wazee wa lugha, ni kunyakua kitu kwa nguvu. Neno linamtazama anayenyakua. Halisemi chochote kuhusu usafi wa aliyenyakuliwa.

Sasa panda boti. Kutoka mwalo wa Kibirizi maboti ya mbao yanabeba wanawake wafanyabiashara, na magunia, madumu ya mawese na vitenge, kwenda na kurudi upande wa Kongo na Burundi. Ziwa Tanganyika ni la nchi nne. Kongo na sisi tuna sehemu kubwa ya maji yake, Burundi na Zambia zina sehemu ndogo. Mwanamke anayelala usiku mmoja ndani ya boti hilo anavuka sheria za kubaka bila kuona alama yoyote juu ya maji.

Akiwa upande wa Kongo, analindwa na Sheria Namba 06/018 ya tarehe 20 Julai 2006. Sheria hiyo ilizaliwa na vita vya mashariki, na vita vimeacha alama katika kila sentensi yake. Wabunge wa Kinshasa walikuwa wamesikia waliyoyafanyiwa wanawake wa Kivu, na pia wanaume wa Kivu. Kwa hiyo kubaka kwao kunahusu jinsia zote. Kunahusu sehemu yoyote ya mwili iliyoingiliwa na kitu chochote, iwe kiungo, iwe chombo. Kunahusu mtu anayemlazimisha mwingine kumwingilia mwingine. Na, jambo ninalolipenda zaidi, wanatambua kwamba ridhaa inaweza kufutwa na mazingira ya kulazimisha, bila mtu kushikiwa panga shingoni. Umri wa mtoto ulipandishwa kutoka miaka 14 hadi 18. Adhabu yao ya msingi, miaka 5 hadi 20, ni nyepesi kuliko yetu, na utekelezaji wake una matatizo ambayo wakimbizi wa Nyarugusu wanaweza kukusimulia hadi jogoo awike. Ila kama maelezo ya kosa, kama sentensi inayosema ni nini hasa kimefanyika, ile ya Kongo ni pana kuliko yetu kwa umbali mkubwa.

Nyarugusu nimeitaja kwa makusudi. Kambi ile iliyoko wilaya ya Kasulu imekuwapo tangu 1996, na ndani yake wamo Wakongo na Warundi wanaoishi chini ya Kanuni yetu ya Adhabu. Mwanamke Mkongo aliyeingiliwa kwa chombo na watu wenye silaha alibakwa, kwa mujibu wa sheria ya kwao. Kitendo hichohicho kikimfika kambini, kwa sheria yetu hakubakwa. Anaangukia kwenye 138C, na huko kuna maneno madogo yenye hatari: kwa ajili ya kujiridhisha kingono. Sasa mtu anayetumia chupa au fimbo kumwadhibu mwanamke, kumdhalilisha mumewe au kulipiza kisasi cha kabila, anajiridhisha kingono? Wakili wa utetezi mwenye akili timamu atasema hapana, na hatakuwa anasema uongo. Lengo lilikuwa kuumiza. Sheria yetu imemdhania mbakaji kuwa mtu mwenye tamaa. Wakongo walishajua kwamba wabakaji wengi wana chuki.

Na sisi tulikuwa na nafasi ya kujua. Mwaka uleule wa 1998 Bunge letu lilipopitisha SOSPA, Septemba 2, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda iliyokuwa Arusha, kwenye ardhi yetu wenyewe, ilimtia hatiani Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba, na kwa mara ya kwanza mahakama ya kimataifa ikaeleza kubaka ni nini. Ilikataa kuorodhesha viungo na vitu. Ilisema, kwa ufupi, ni uvamizi wa kimwili wenye sura ya kingono, unaofanywa juu ya mtu katika mazingira ya kulazimisha. Uvamizi. Mtu. Mazingira. Hakuna mke, hakuna mwanamume, hakuna tamaa. Ni safari ya saa chache tu kutoka Arusha hadi Dodoma, lakini maelezo hayo hayajafika kwenye Kanuni yetu ya Adhabu.

Burundi, jirani yetu wa kaskazini, alifanya jambo ambalo sijaamua kama nilipongeze au nililie. Kanuni yake ya Adhabu ya mwaka 2009 ilitamka wazi kwamba mume anaweza kumbaka mkewe. Kisha ikapanga adhabu: siku 8 jela, au faini. Mbakaji wa kawaida anaweza kufikia miaka 30. Nimejadiliana na wenzangu mara nyingi. Wapo wanaosema siku nane ni dharau kubwa kuliko kunyamaza. Mimi nimeelemea upande mwingine. Kosa lililotajwa, hata likiwekewa bei ya kutupwa, linaweza kupandishwa bei kesho. Kosa lisilotajwa halina pa kuanzia.

Kwetu halijatajwa. Mke ambaye hajatengana na mumewe hawezi kubakwa na mumewe, hicho ndicho kifungu cha 130 kinachosema kwa lugha ya kisheria. Nimekaa na mwanamke, sitasema wapi, aliyenieleza usiku mmoja baada ya mwingine, tangu mume aanze kurudi amelewa. Alimaliza akaniuliza ni fomu gani ajaze. PF3, fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, angeweza kupewa kwa majeraha ya mkono. Kwa kile alichokuja kukisema hapakuwa na fomu, kwa sababu hapakuwa na kosa. Tuliandika shambulio. Mkono uliovunjika ndio uliokwenda mahakamani; yeye mwenyewe alibaki nyumbani.

Inasikitisha zaidi ukijua msamaha huo wa waume umetoka wapi. Hatukuurithi kwa mababu zetu kama tunavyopenda kusema. Uliletwa na sheria ya Waingereza, na Waingereza wenyewe waliutupa mwaka 1991, pale mahakama yao ya juu kabisa ilipotamka kwamba mke si mali ya kitandani. Afrika Kusini iliuondoa 1993, Namibia 2000, na Rwanda ikatambua kubaka ndani ya ndoa mwaka 2008. Mwenye godoro ameshalichoma moto, sisi bado tumelilalia.

Na godoro hilo lina watoto juu yake. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa idhini ya mzazi. Mwanaharakati wa haki za wasichana Rebeca Gyumi alikwenda Mahakama Kuu, na mwaka 2016 vifungu hivyo vikatangazwa kuwa kinyume na Katiba. Serikali ikakata rufaa, na Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikasema vilevile. Huo ulikuwa ushindi mkubwa. Lakini kesi ilihusu Sheria ya Ndoa. Ule msamaha uliomo ndani ya maelezo ya kubaka, unaomtoa mke wa miaka 15, haukuwa mezani. Maana yake, kwa maneno ya sheria, wasichana wawili wa miaka 15 wanaweza kuwa wamekaa benchi moja, mmoja aliyemwingilia anakabiliwa na miaka 30, mwingine aliyemwingilia hana kesi, na kinachowatofautisha ni mahari. Anayeishi vijijini anajua mahari inavyoweza kukusanywa haraka pale wazee wanapogundua kwamba binti "ameshaharibiwa" na kijana wa watu anatafutwa na polisi.

Wanaume niwasemee kwa ufupi, ingawa jambo lao ni zito. Mwanamume au mvulana aliyelazimishwa hawezi kuitwa aliyebakwa. Kesi yake inakwenda kwenye kifungu cha makosa kinyume na maumbile, ambacho hakijengwi juu ya ridhaa kabisa, na ambacho kinamwadhibu pia yule aliyeruhusu. Mwathirika anaogopa, na ana sababu, kwamba akifungua mdomo ataulizwa kama aliruhusu. Ndiyo maana vijana wa kiume waliolawitiwa tunawapata hospitali wakiwa wameshachelewa. Wazanzibari, walio na Sheria yao ya Adhabu ya mwaka 2018 na mahakama zao, nao wanaendelea kutenganisha kubaka na kulawiti. Nchi moja, sheria mbili, na mvulana wa Ujiji na wa Unguja wote wamebaki nje ya neno zito kuliko yote.

Kuna watakaoniambia neno si muhimu, muhimu ni adhabu. Nawaelekeza Hispania. Mwaka 2016, katika sikukuu za Pamplona, wanaume watano walimwingiza msichana wa miaka 18 kwenye mlango wa jengo. Video ilikuwapo. Mahakama ya kwanza, Aprili 2018, iliona hakukuwa na nguvu wala vitisho vinavyotakiwa na sheria, ikaliita kosa unyanyasaji, ikawapa miaka 9. Watu walijaa mitaani. Juni 2019 Mahakama ya Juu ilitazama ushahidi uleule ikaliita kubaka, na miaka ikawa 15. Miaka sita iko ndani ya neno moja. Kisha mwaka 2022 walibadili sheria na kuunganisha makosa hayo mawili chini ya msingi wa ridhaa, jambo jema, ila hawakuangalia vizuri viwango vya chini vya adhabu, na mamia ya wafungwa wakapunguziwa vifungo hadi sheria iliporekebishwa tena 2023. Nalitaja hilo la mwisho kwa sababu nataka mabadiliko hapa kwetu, na sitaki yafanywe kwa pupa.

Kanada waliamua tangu 1983 kuliondoa kabisa neno kubaka na kuweka shambulio la kingono lenye ngazi tatu, kulingana na silaha na madhara. Hoja yao ilikuwa kwamba tuache kupima kiungo kilichoingia, tupime ukatili. Naiheshimu hoja hiyo. Siwezi kuifuata kwa Kiswahili, kwa sababu ukimwondolea mwanamke wa Kibondo neno kubaka, utakuwa umemrudisha kwenye kuchezewa. Waingereza wamepata njia ya kati katika sheria yao ya 2003: kuingiliwa kwa uume kuna jina lake, kuingiliwa kwa kitu kingine kuna jina jingine, lakini dari ya adhabu ni moja, kifungo cha maisha. Majina mawili, uzito mmoja. Hilo linawezekana hata kesho asubuhi pale Dodoma.

Neno fupi kwa wanaopenda kushindanisha nchi kwa takwimu. Uswidi huonekana juu sana kwenye orodha za kubaka duniani. Wao wanahesabu kila tukio peke yake hata kama mtendaji ni mmoja, maelezo yao ya kosa ni mapana, na tangu Julai 2018 hata kukosa uangalifu kuhusu ridhaa ya mwenzako ni jinai. Wamarekani nao, kwa takwimu za kitaifa za FBI, shirika lao la upelelezi, walitumia maelezo ya mwaka 1927 yaliyomhesabu mwanamke tu, tena aliyelazimishwa kwa nguvu. Mabadiliko yalitangazwa 2012. Wanaume wote waliobakwa kabla ya hapo hawamo. Ukilinganisha namba za nchi mbili bila kusoma sheria zao, unalinganisha debe na pishi.

Ninachokitaka kwetu kinaweza kuandikwa kwenye nusu ukurasa. Maelezo ya kubaka yaanze na mtu na ridhaa yake, aliyetenda awe yeyote na aliyetendewa awe yeyote. Kitu kilichotumika kisibadili uzito wa kosa. Maneno ya kujiridhisha kingono yatoke kwenye 138C. Msamaha wa ndoa ufutwe wote, kuanzia ule wa mke wa miaka 15, ambao kwa hukumu ya 2019 sioni nani anaweza kuutetea akitazama watu usoni. Na kwa kuwa tangu 2021 Kiswahili ni lugha ya sheria na ya mahakama, wakati sheria hizi zinaandikwa kwa lugha yetu, wale wanaotafsiri wakae kwanza na bibi zetu wawasomee majina ya makosa kwa sauti, wasikilize wanavyoyasikia.

Hati ya mjukuu ilibadilishwa. Mwendesha mashtaka kijana alilisoma jalada upya kabla ya tarehe iliyofuata, akaomba ruhusa, na sheria inaruhusu. Karani akasoma tena, kwa sauti ileile: unyanyasaji mkubwa wa kingono. Bibi alinyamaza muda. Tulipotoka nje, chini ya mwembe, aliniomba nimwandikie jina hilo jipya kwenye karatasi, kwa sababu mtaani wataendelea kumuuliza kesi ya mtoto ni ya nini, naye hataki kusahau na kusema lile la kwanza. Nilichana ukurasa wa daftari nikaandika kwa herufi kubwa. Hajui kusoma. Aliitazama karatasi pande zote mbili, akaikunja mara nne, akaifunga kwenye pindo la kanga pamoja na nauli ya kurudi Katonga.